UZI: Mgonjwa wa korona yuko nyumbani. Dalili ipi inasema anapona, na ipi inasema mkimbizeni?

#1 Muuguzi wa Majengo (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Mimi ni muuguzi hapa Moshi, na mwanzoni mwa 2021, wakati ule mitaani watu wakisema "changamoto ya upumuaji", nilikuwa wodini. Nashusha uzi huu kwa sababu baridi ya Juni na Julai ikituingia huku, kila nyumba ina mtu anayekohoa, na maswali ninayoulizwa ni yale yale ya miaka ile. Hana homa, si ina maana ni nyepesi? Kapoteza harufu, tumkimbize? Watu wanahangaika na dalili inayopiga kelele, na ile yenye uzito inawapita mbele ya macho. Nimepokea wazee walioletwa wakati umekwisha, watoto wao wakiapa kwamba jana yake mzee aliongea vizuri na uji alikunywa. Hawakudanganya. Hakuna aliyewahi kuwaambia waangalie nini.

Nianze na homa. Mwaka 2020 madaktari wa China walitoa taarifa za wagonjwa 1,099 waliolazwa. Siku ya kufika hospitali, wenye homa walikuwa asilimia 43.8 tu. Wengine iliwapanda wakiwa tayari kitandani, jumla ikafika asilimia 88.7. Maana yake zaidi ya nusu ya watu waliougua kiasi cha kulazwa wangepimwa joto la paji la uso mlangoni mwa benki na kuambiwa wapite. Homa inakuambia mwili unapigana, lakini hali ya mapafu haikuambii.

Na huku Kilimanjaro homa ilitupotosha hata kabla ya korona. Kuna utafiti uliofanyika katika hospitali za KCMC na Mawenzi hapa Moshi, 2007 hadi 2008, kwa wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa. Walioandikiwa malaria walikuwa asilimia 60.7. Maabara ilipochimba, wenye malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Fikirieni hilo mnapomwona mzee kalegea, ana joto, na mtu ameshatumwa duka la dawa kuleta dawa mseto. Siku mbili tatu zinapotea hapo, na kwenye korona siku zina thamani kubwa, nitafika huko.

Kupoteza harufu na ladha kuliwaogopesha watu sana. Utafiti mmoja wa hospitali za Ulaya, wagonjwa 2,581, ulikuta kwamba kati ya walioumwa kidogo asilimia 85.9 walipoteza harufu. Kati ya waliozidiwa, asilimia 6.9. Kwa hiyo ni dalili nzuri ya kuutambua ugonjwa, na mara nyingi iliambatana na mwisho mwema. Ila msiifanye hirizi. Wanaoilalamikia wengi ni vijana, na kijana nafasi yake ya kupona ilikuwa kubwa tangu mwanzo. Mzee anayehema kwa taabu hakuna anayemuuliza kama bado ananusa vitunguu vikikaangwa.

Sasa jambo lenyewe: PUMZI.

Korona ina tabia ya ajabu. Oksijeni kwenye damu inaweza kushuka vibaya na mgonjwa asihisi kuishiwa hewa. Kinachomfanya mtu ajisikie anakabwa ni hasa kabonidayoksaidi inapojaa mwilini, na mwanzoni mapafu ya mgonjwa wa korona bado yanaitoa vizuri. Kwa hiyo ubongo hauna habari. Mtu amekaa kwenye kochi anajibu ujumbe kwenye simu, anakwambia "najisikia uchovu tu", na oksijeni yake iko chini ya asilimia 85.

Kwa hiyo msimuulize mgonjwa kama anapumua vizuri. Mhesabieni. Mtu mzima aliyetulia huhema mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 24 na zaidi, anzeni kutafuta usafiri. Akizidi 30, Shirika la Afya Duniani linauita ugonjwa mkali, uzito sawa na oksijeni kushuka chini ya asilimia 90. Tumia saa ya simu, dakika nzima, ukiangalia kifua kikipanda na kushuka. Usimwambie unahesabu, maana akijua ataanza kuhema kwa adabu. Haigharimu hata shilingi.

Nisidhaniwe naleta ya kwangu. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walitengeneza alama za kukadiria nani kati ya waliolazwa yuko hatarini kufa. Walichukua vitu vinane: umri, jinsia, idadi ya magonjwa mengine, kasi ya kuhema, oksijeni, kama fahamu ni timamu, na vipimo viwili vya damu. Wenye alama za chini kabisa walikufa kama mmoja kwa mia. Wenye alama 15 kwenda juu walikufa zaidi ya sita kwa kumi. Homa haimo katika vile vinane. Kikohozi hakimo, kichwa kuuma hakumo, harufu haimo.

La pili ni siku. Andikeni ukutani tarehe dalili ya kwanza ilipoanza. Katika wagonjwa wa mwanzo wa Wuhan, kuhema kwa shida kulianza kwa wastani siku ya 7, na mapafu kushindwa kabisa karibu siku ya 12. Juma la kwanza mtu anaumwa mafua, juma la pili ndilo linaloamua. Familia nyingi hulegeza uangalizi siku ya sita kwa sababu homa imeshuka na mgonjwa ameomba ndizi nyama. Hapo ndipo muanze kuhesabu pumzi asubuhi na jioni.

La tatu nawaomba mlisome mara mbili kama mna mzee kihambani. Mzee anaweza kuumwa korona bila homa, bila kikohozi, akachanganyikiwa tu. Utafiti wa Marekani wa wazee 817 waliofika idara za dharura ulikuta asilimia 28 walikuwa wamechanganyikiwa, na katika hao, asilimia 37 hawakuwa na homa wala shida ya kupumua. Waliochanganyikiwa ndio waliolazwa zaidi vyumba vya uangalizi maalumu, na ndio waliokufa zaidi. Kwetu inaonekanaje? Bibi aliyekuwa anajua kila mtoto wa ukoo anaanza kuita majina ya waliokwisha kufa. Babu anaanguka akienda chooni, anakataa mbege ya mchana ambayo hajawahi kuikataa, analala mchana kutwa. Watu wanasema uzee, au malaria imepanda kichwani. Mzee aliyebadilika akili ndani ya siku moja au mbili ni mgonjwa wa leo hii.

Umri na magonjwa mengine mnayajua, nitapita haraka. Takwimu za China za wagonjwa 44,672: asilimia 81 waliumwa kidogo, 14 vikali, 5 mahututi. Waliokufa kwa ujumla ni asilimia 2.3, lakini kwa wenye miaka 80 na zaidi ni 14.8, wenye kisukari 7.3, wenye presha 6.0. Na wanaoishi na VVU, uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ulikuta hatari ya kufa kwao ikiwa juu kwa asilimia 30. Kikohozi kile kile kwa mtu wa miaka 25 na kwa mama wa miaka 70 mwenye sukari ni habari mbili tofauti.

Karibuni.

#2 Chalii wa Sakina

Aisee, uzi wa maana. Sisi Arusha tulianza vibaya kimawazo. Mgonjwa wa kwanza nchini alitua uwanja wa ndege wa KIA tarehe 15 Machi 2020, kesho yake akatangazwa, yuko Arusha, na alipona. Watu huku wakasema kumbe ni mafua ya wazungu. Mfano wa mtu mmoja ukatufanya tuache kuuliza maswali.

Swali langu: dalili zikija kwa pamoja zinasema kitu? Maana mke wangu aliumwa tumbo na kuharisha kabla hata ya kukohoa, na yeye ndiye aliyeishia kuwekewa oksijeni. Mimi nilikohoa tu na kichwa, nikapona nikiwa kitandani.

#3 Muuguzi wa Majengo

Pole kwa shemeji, na namshukuru Mungu yupo. Umegusa mahali penyewe. Watafiti wa King's College London walichukua taarifa za watu waliokuwa wanajaza dalili zao kila siku kwenye programu ya simu, wakakuta makundi sita. Kundi la kwanza ni kama lako: mafua, kichwa, kikohozi, hakuna homa. Walioishia kuhitaji msaada wa kupumua katika kundi hilo ni asilimia 1.5. Kundi la sita lina maumivu ya tumbo, kuharisha, kuishiwa pumzi na kuchanganyikiwa, na huko ilikaribia asilimia 20.

Kuharisha peke yake tafiti hazikubaliani kama ni ishara mbaya. Lakini tumbo, uchovu wa kushindwa kunyanyuka na akili kuyumba zikija pamoja ndani ya siku tano za mwanzo, mimi siwezi kulala.

#4 Mpanda Mlima (Marangu)

Dada muuguzi, shikamoo kama umenizidi. Naongoza wageni mlimani. Kila jioni kambini tunawabana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni. Pale Barafu, karibu mita 4,670, mgeni anasoma 80, anakunywa supu, na usiku wa manane anaanza kupanda kwenda kileleni Uhuru. Huku Marangu vijana wengi tuna vifaa hivyo nyumbani, na vichwani mwetu 85 ni namba ya kawaida kabisa. Wewe unasema chini ya 90 ni hatari. Nieleweshe.

#5 Muuguzi wa Majengo

Marahaba, na swali lako linaweza kuokoa kijiji.

Mlimani mapafu ya mgeni ni mazima, hewa ndiyo nyepesi. Amepanda kwa siku kadhaa, mwili umepata muda wa kuzoea, na ukimshusha namba inapanda yenyewe. Mgonjwa wa korona yuko Moshi, mita kama 900, au Arusha, mita kama 1,400. Hapo mtu mwenye afya anatakiwa asome 95 kwenda juu. Hewa ipo ya kutosha, mapafu yake ndiyo yanashindwa kuichukua, na huyo hana pa kushushiwa. Wewe mlimani dawa yako ni kushuka, yeye dawa yake ni oksijeni, na kwenu haipo.

Halafu jikumbushe: hata mlimani, mgeni akianza kuongea ovyo na kuyumba akitembea, unamsubiri mpaka namba ifike ngapi? Humsubiri, unamteremsha usiku huo huo. Mfanyieni mzee wa nyumbani vivyo hivyo.

#6 Mpanda Mlima (Marangu)

Nimeelewa vizuri sana. Hii naipeleka kwenye kundi letu la waongozaji leo.

#7 Tabibu wa Usa River

Niongeze jambo kuhusu hicho kifaa, linatuhusu sisi kuliko wengine. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walilinganisha namba ya kidoleni na oksijeni iliyopimwa kwenye damu ya mshipa wenyewe. Walichukua vipimo ambavyo kifaa kilisoma 92 hadi 96, yaani namba inayoleta faraja. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo hivyo damu yenyewe ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe, asilimia 3.6. Mwanga wa kifaa unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inaupotosha.

Kwa hiyo ngozi yetu ikisoma 93, mimi siiamini kwa moyo mkunjufu. Futeni hina na rangi ya kucha, pasheni vidole moto maana baridi nayo inavuruga, subirini namba itulie. Kisha kama ana nguvu, asimame na kukaa kwenye kiti kwa dakika moja huku mtu yupo karibu, mpime tena. Ikishuka kwa 3 au zaidi, mapafu hayana akiba. Na linganisheni leo na jana. Aliyekuwa 97 juzi na leo 93 ananitia wasiwasi kuliko aliyekaa 94 wiki nzima.

#8 Muuguzi wa Majengo

Asante tabibu. Wanajamvi, hilo la namba 7 lichukueni kama sehemu ya uzi. Ndiyo maana nang'ang'ania kuhesabu pumzi: macho yako hayabaguliwi na rangi ya ngozi.

#9 Mama wa Kibosho

Nimesoma kwa heshima. Lakini mimi nitasema ninachoamini: nyungu ilitusaidia. Tulijifukiza watu saba nyumba moja, mwarobaini, mchaichai, malimao, na wote tupo. Msiidharau.

#10 Muuguzi wa Majengo

Mama, siidharau. Mvuke unafungua pua na unampa mtu nafuu ya kifua, na nyumba inayokusanyika kumhudumia mgonjwa ni neema. Lakini rudi kwenye zile takwimu: 81 kati ya 100 wangeumwa kidogo hata bila nyungu. Watu saba wa nyumba moja kupona ndiyo jambo linalotarajiwa, hasa kama wengi ni vijana. Ninachokiogopa ni yule aliye kati ya wale kumi na tisa kwa mia waliobaki. Huyo akijifukiza siku nne akisubiri jasho limtoke, oksijeni inaendelea kushuka chini ya blanketi na hakuna anayemwona kifua. Jifukizeni kama mnataka, lakini akitoka, mhesabieni pumzi. Na mzee dhaifu asiachwe peke yake na sufuria ya moto.

#11 Mkazi wa Soweto (Moshi)

Mtaani kwetu mtu akikohoa siku mbili ananunua dexa na azithromaisini duka la dawa, anasema ndizo zilizoponya watu. Vipi hapo?

#12 Tabibu wa Usa River

Hilo nijibu mimi maana linaniuma. Jaribio la Uingereza liitwalo RECOVERY, Juni 2020, ndilo lililoonyesha deksamethasoni, hiyo dexa yenu, inaokoa maisha. Lakini inamwokoa nani? Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Waliokuwa kwenye oksijeni, kutoka 26.2 hadi 23.3. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika kabisa: waliopewa dawa walikufa asilimia 17.8, wasiopewa 14.0. Tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba iliwaua, lakini faida haikuwepo. Dawa hiyo inatuliza kinga ya mwili. Juma la pili, kinga ikiwa imechachamaa na kuharibu mapafu, inaokoa. Siku ya pili, kinga inapigana na kirusi, wewe unaifunga mikono. Na mwenye kisukari inampandisha sukari vibaya.

Azithromaisini ilijaribiwa humo humo, haikupunguza vifo.

Dawa ile ile, mgonjwa yule yule. Kinachoamua ni siku na pumzi, kama mwenye uzi alivyosema.

#13 Msomaji wa Njiro

Samahani nitasema kwa uchungu. Baba yetu tulimwahisha, akawekewa oksijeni, na bado tulimzika Februari ile. Wangapi tuliwafikisha na hawakurudi? Kuna faida gani ya haya yote?

#14 Muuguzi wa Majengo

Pole sana, ndugu yangu. Sitakupa maneno mepesi. Kulikuwa na utafiti wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, Tanzania haikuwemo, wa wagonjwa 3,077 waliofikia kuhitaji uangalizi maalumu. Asilimia 48.2 walikufa ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia ulikuwa 31.5. Tofauti hiyo ina sura ya upungufu tulionao: vitanda, mashine, watu wa kuzilinda. Sehemu nyingine ni hali ambayo mtu anafika nayo mlangoni. Familia haikuwa na uwezo juu ya upungufu, na baba kufariki hakumaanishi mlikosea. Mlimpeleka, na alikufa akiwa na oksijeni puani na watu pembeni yake. Wodini niliwaona wasiopata hilo.

Faida iko kwa anayefika akiwa na 91 badala ya 70. Huyo mtungi wa kawaida wa oksijeni unaweza kumtosha, na kumlaza kifudifudi kukamsaidia. Anayefika na 70 anahitaji vitu ambavyo hospitali nyingi za mikoa hazina. Ndiyo sababu sinyamazi.

#15 Chalii wa Sakina

Pole sana mkuu wa Njiro.

Muuguzi, kirusi si kimebadilika? Siku hizi naona ni koo tu.

#16 Muuguzi wa Majengo

Kimebadilika, ndiyo. Uingereza, wakati wa aina ya kirusi iitwayo Delta, asilimia 52.7 walipoteza harufu. Wakati wa aina iliyofuata, Omikroni, ikawa 16.7, na koo kuuma kukaongezeka. Waliolazwa nao wakapungua. Chanjo, zilizoanza kwetu Julai 2021, na watu kuwa wamekwisha kuugua, vimesaidia sana. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura Mei 5, 2023, lakini kirusi bado kipo. Dalili za juu zinabadilika kila kirusi kinapobadilika. Pumzi, fahamu, umri na siku havijabadilika, na vinafaa hata kama ni nimonia ya kawaida.

#17 Mwanamke wa Machame

Samahani kuingilia. Nimemhesabia mama mkwe sasa hivi baada ya kusoma. Ana 71, ana presha. Pumzi 28. Anasema hajambo, anataka alale. Alianza mafua Jumapili ya wiki iliyopita. Kifaa cha jirani kimesoma 91. Kesho asubuhi tunaweza?

#18 Muuguzi wa Majengo

Hapana dada, leo. Siku ya nane au ya tisa, 71, presha, 28, na 91 kwenye ngozi yetu: sioni hata kimoja cha kukufanya usubiri asubuhi. Tafuteni gari sasa. Akae ameinuliwa mgongo, au alale kifudifudi au ubavu kama gari linaruhusu, asitembee mwenyewe hadi barabarani, abebwe kwenye kiti. Vidonge vyake vyote vya presha vitie kwenye mfuko uende navyo. Kwenye karatasi andika: tarehe dalili ilipoanza, pumzi 28 na saa uliyohesabu, 91 akiwa hana oksijeni, na kama leo ameongea jambo lisiloeleweka. Karatasi hiyo mpe mtu wa kwanza atakayekupokea, kabla hujaulizwa kadi ya bima. Akikwambia mama mkwe anaonekana mzima, mwombe amhesabie pumzi dakika nzima.